MAISHA YA BIBI GRACE HOPPER

Siku hizi wako vijana wa Musoma, Bunda na Butiama wanaojifunza kuandika programu za michezo ya kompyuta. Kabla mchezo haujachezeka, kompyuta huyakagua maandishi yake na kutoa orodha ya makosa. Wengine wakiiona orodha ndefu hukata tamaa, wakadhani kwamba kazi hii si yao. Kwa hiyo yafaa tujue habari za bibi mmoja aliyeanzisha njia hiyo ya kazi.

Grace Brewster Murray alizaliwa tarehe 9 Desemba, 1906, katika mji wa New York, Marekani. Alipokuwa na miaka saba alifungua saa ya mezani apate kuona inavyofanya kazi. Akashindwa kuirudisha, akafungua ya pili, na ya tatu, hata zikawa saba. Tangu siku hiyo mamaye akamwachia saa moja tu. Alisoma hesabu katika Chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928. Aliolewa na Bwana Vincent Hopper mwaka 1930, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Yale.

Vita Kuu ya Pili ilipowaka, aliomba kuingia Jeshi la Maji. Wakubwa walisita, maana umri wake ulikuwa umepita, tena alikuwa mwembamba kuliko kipimo chao. Hakuacha kuomba, na mwishoni mwa mwaka 1943 akapokelewa. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi kwenye mashine ya kuhesabu iliyoitwa Mark I. Urefu wake ulipita mita 15, na uzito wake ulikuwa tani 5 hivi. Amri zake zilitobolewa katika ukanda wa karatasi, na tundu moja likikosewa, hesabu yote huharibika.

Mwaka 1947 mashine nyingine, Mark II, ilipata hitilafu. Mafundi walimkuta nondo amenaswa ndani, wakambandika katika daftari la kazi. Wengi husema kwamba Bibi Hopper ndiye aliyemwona, na kwamba ndipo Waingereza na Wamarekani walipoanza kuyaita makosa ya mashine wadudu. Sivyo. Jina hilo lilitumika tangu zamani. Yeye alipenda tu kuisimulia hadithi hiyo.

Kazi yake kubwa ilikuja baadaye. Mwaka 1949 aliingia kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC. Huko aliona kwamba hata watu hodari hukosea wanaponakili tarakimu kutoka daftari moja hadi jingine. Akaona heri mashine yenyewe inakili na kupanga. Kufika mwaka 1952 alikuwa amekwisha kutengeneza programu ya A-0, iliyokusanya sehemu za programu na kuziunganisha. Programu ya namna hiyo huitwa kompaila. Watu wengi hawakusadiki, wakisema kompyuta hujua kuhesabu tu. Yeye akaendelea, akaongoza kazi ya lugha ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza. Lugha hiyo ikawa msingi mmojawapo wa COBOL, iliyoanza kutungwa mwaka 1959.

Kompaila za leo hutafsiri, tena hukagua. Alama ikisahauliwa au jina likiandikwa vibaya, hutaja mstari wenye kosa. Katika michezo yenye mafaili mengi, iko mitambo inayoikagua kazi yote yenyewe kila mwandishi anapoleta sehemu mpya. Faida yake ni kama kulikagua basi katika stendi ya Musoma: ubovu ukionekana hapo ni kazi ndogo, lakini basi likifia njiani kabla ya Bunda, abiria wote hutaabika.

Lakini kompaila hukagua sarufi, haikagui maana. Mchezo wa bao waweza kupita bila kosa hata moja, na bado kete zikaenda kinyume cha sheria. Hapo hapana budi mtu anayelijua bao acheze mwenyewe na kutazama.

Wala kusahihisha si aibu. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Hakuridhika nayo, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Bibi Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na miaka 79, mwenye cheo cha admirali. Akafariki tarehe 1 Januari, 1992. Basi wenzangu, orodha ya makosa ikitokea, tusiikimbie. Tuanze na mstari wa kwanza, tusahihishe, kisha tukague tena.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne