Lucas Cranach, mchoraji wa Wittenberg, na mtu aliye uchi mbele ya Mungu



Wazee wetu hapa Kisangani wanazikumbuka picha za mamba muntu. Zilitundikwa ukutani sebuleni na katika nganda za kunywea pombe: mwanamke mzuri, nywele ndefu, kifua wazi, na kuanzia kiunoni kwenda chini ni samaki. Wachoraji wa barabarani waliziuza sana katika miaka ya 1960 na 1970, kutoka Lubumbashi mpaka kwetu. Baadaye, watu wengi waliposhika njia ya maombi, walizitoa nyumbani mwao.

Picha hizo zimepungua, lakini swali lake limebaki. Vijana wenye kipaji cha kuchora wako katika makanisa yetu, na wanauliza: je, Mkristo anaweza kuchora mwili wa mtu aliye uchi? Wengine wanajibu haraka kwamba kila picha ya namna hiyo ni dhambi. Wengine wanasema sanaa ni sanaa, na anayeona ubaya ameuleta mwenyewe moyoni mwake. Kabla ya kuchagua upande, tusikie maisha ya mtu aliyeishi na swali hilo kwa miaka zaidi ya arobaini. Alikuwa Mprotestanti, tena wa kwanza kabisa, rafiki na jirani wa Martin Luther. Jina lake ni Lucas Cranach.

Alizaliwa mwaka wa 1472 katika mji mdogo wa Kronach, Ujerumani, na jina lake limetoka katika jina la mji huo. Baba yake alikuwa mchoraji, naye ndiye aliyemfundisha kazi. Akiwa karibu na umri wa miaka thelathini alikwenda Vienna, na huko alianza kujulikana kwa picha za Kristo msalabani na za watakatifu. Mwaka wa 1505 alikuwa amekwisha kuitwa Wittenberg na Frederick, mtawala wa Saxony aliyeitwa Mwenye Hekima, awe mchoraji wa nyumba yake. Mshahara wake ulikuwa gulden 100 kwa mwaka, na kazi nyingine alilipwa zaidi. Mwaka wa 1508 Frederick alimpa alama ya heshima: nyoka mwenye mabawa, aliyebeba pete mdomoni. Tangu hapo nyoka huyo mdogo alionekana pembeni mwa picha zake, kama vile mwingine angeandika jina lake.

Mwaka wa 1509, miaka minane kabla ya Luther kutoa hoja zake 95, Cranach alichora Venus, yule ambaye Warumi wa zamani walimwita mungu wa mapenzi. Alimchora akiwa uchi, mkubwa karibu kama mtu mzima, pamoja na mtoto wake Cupid mwenye upinde. Huko Italia wachoraji walikuwa wameanza kurudia sanamu za Wayunani na Warumi, waliopenda kuonyesha mwili bila nguo. Upande wa kaskazini wa Ulaya jambo hilo lilikuwa jipya. Cranach aliandika juu ya picha hiyo maneno ya Kilatini yanayomwonya mtazamaji ajikinge na tamaa. Hapo tunaona tayari shida yake yote: mkono mmoja unaonyesha, mkono mwingine unaonya. Mtawala aliyeinunua angeweza kusema ni picha ya mafundisho. Macho yake yalitafuta nini, Mungu ndiye aliyejua.

Cranach alioa Barbara, binti wa meya wa mji wa Gotha. Walipata watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Alikuwa mtu wa kazi nyingi: aliuza mvinyo, na mwaka wa 1520 alipata ruhusa ya kuendesha duka la dawa. Aliingia katika baraza la mji, na baadaye akawa meya wa Wittenberg zaidi ya mara moja. Atelie yake ilijaa wanafunzi na wasaidizi, na picha zilitoka humo kwa wingi. Mpaka leo zimebaki zaidi ya 1,000.

Luther alipoanza kuhubiri neema, Cranach alikuwa karibu naye kama ndugu. Luther alimsimamia binti wa Cranach katika ubatizo, na miaka michache baadaye Cranach akamsimamia mtoto wa kwanza wa Luther. Katharina von Bora alipotoroka nyumba ya watawa mwaka wa 1523, alipata makao nyumbani kwa Cranach. Luther alipomwoa mwaka wa 1525, Cranach na Barbara walikuwa mashahidi. Tena, Agano Jipya la Kijerumani la mwaka wa 1522 lilitoka kwa gharama ya Cranach na mwenzake Christian Döring, na picha za Ufunuo zilizomo zilitoka katika atelie yake. Uso wa Luther tunaouona kila mwaka kwenye matangazo ya tarehe 31 Oktoba, tunaujua kwa sababu Cranach aliuchora.

Mwaka huohuo wa 1522 moto uliwaka kuhusu picha. Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg. Huko Wittenberg mwalimu Andreas Karlstadt aliandika kwamba picha zote zitolewe makanisani, na watu wakaanza kuzivunja. Mwezi wa Machi Luther alirudi na kuhubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba picha yenyewe si kitu. Inakuwa ubaya pale mtu anapoiabudu au kuiwekea tumaini. Kama sanamu haimo tena moyoni, iliyo ukutani haina nguvu. Lakini kama imo moyoni, kuvunja ukuta hakusaidii kitu. Mafundisho hayo yaliokoa kazi ya Cranach.

Je, aliitumia nafasi hiyo vizuri? Hapa tuseme ukweli, maana maisha ya watu wa Mungu yana pande mbili. Wakati makanisa yaliponunua picha chache, watawala na matajiri waliendelea kumwomba Venus, na Lucretia, mwanamke wa Roma aliyejiua baada ya kunajisiwa. Cranach aliwachora mara nyingi, wadogo, wa kutundikwa katika vyumba vya ndani, wakishika kitambaa chembamba kisichoficha kitu. Hata Kardinali Albrecht, yule ambaye uuzaji wa vyeti vya msamaha ulifanyika kwa faida yake, alikuwa mteja wake. Yule Lucretia aliyeonewa, Cranach alimvua nguo mara ya pili, mbele ya macho ya wanunuzi. Feza iliingia. Hatuna sababu ya kumtetea katika hilo kwa kuwa tu alikuwa rafiki wa Luther.

Lakini kuna uchi mwingine katika kazi yake. Alichora Adamu na Hawa makumi ya mara. Katika picha iliyo London, ya mwaka wa 1526, wanasimama chini ya mti wenye matunda, wanyama wamewazunguka kwa amani, na Adamu anakuna kichwa, hajui afanye nini na tunda analopewa. Hapo uchi hauwaiti watu watamani. Unaonyesha tulivyokuwa kabla ya kujificha, na dakika ambayo tulianza kupotea. Mtu anayesoma Mwanzo 2 na 3 hawezi kuchora habari hiyo kwa kuwavisha Adamu na Hawa suti.

Halafu mwaka wa 1529, akiongozwa na mafundisho ya Luther, alichora picha ambayo Waprotestanti waliirudia katika vitabu na makanisa kwa miaka mingi: Sheria na Injili. Iko Gotha mpaka leo. Katikati umesimama mti, nusu umekauka, nusu una majani mabichi. Upande wa kushoto kuna mtu uchi anayekimbia, amefukuzwa na Mauti na shetani kuelekea moto, na Musa ameshika mbao za Sheria. Upande wa kulia mtu yuleyule, bado uchi, amesimama kimya. Yohana Mbatizaji anamwonyesha Kristo msalabani, na damu kutoka ubavuni mwa Bwana inamfikia.

Tukitazama vizuri, mtu huyo havai kitu upande wowote. Hana joho la mtawala wala kanzu ya padri. Hana cheti cha msamaha mkononi. Ndiyo maana alichorwa uchi: hana tendo lolote jema la kujifunika nalo, na neema inamkuta hivyohivyo. Picha hiyo inahubiri kama mahubiri yoyote ya Luther. Wala haimwaibishi mtu yeyote, maana mtu huyo ni kila mmoja wetu.

Siku za mwisho za Cranach zilikuwa ngumu. Mwaka wa 1537 mwana wake Hans, naye mchoraji hodari, alikufa Bologna, Italia, alikokwenda kujifunza. Wazazi walijilaumu kwa sababu walimruhusu aende, na Luther alikuja kuwafariji. Mwaka wa 1540 Barbara alimfuata mwana wake. Luther alikufa mwaka wa 1546. Mwaka wa 1547 mtawala wao, Johann Friedrich, alishindwa vitani huko Mühlberg na kuchukuliwa mateka na Mfalme Mkuu Charles wa Tano. Mwaka wa 1550, akiwa mzee karibu miaka 78, Cranach alimwachia mwana wake Lucas atelie ya Wittenberg, akamfuata mtawala wake kifungoni mpaka Augsburg na Innsbruck. Mwaka wa 1552 mtawala aliachiliwa, wakarudi pamoja mpaka Weimar. Huko Cranach alikufa tarehe 16 Oktoba 1553, akiwa na miaka 81.

Mwana wake alimaliza picha kubwa ya madhabahu katika kanisa la Weimar mwaka wa 1555. Habari ni ileile ya mwaka wa 1529: Kristo msalabani, Yohana anaonyesha, damu inaruka kutoka ubavuni. Lakini mtu uchi wa Injili hayupo tena mahali pake. Chini ya msalaba, kati ya Yohana na Luther, amesimama mzee mwenye ndevu nyeupe, mikono yake pamoja kwa maombi, na damu inaanguka juu ya kichwa chake. Mzee huyo ni Lucas Cranach. Mwana aliyeijua kazi yote ya baba yake, ya nuru na ya kuuzwa gizani, alimweka pale pale anapostahili kusimama mwenye dhambi.

Watu bado hawajapatana juu yake. Mwaka wa 2008 wasimamizi wa treni za chini ya ardhi za London walikataa kwanza tangazo lenye Venus wake wa mwaka wa 1532, halafu wakakubali. Basi sisi wa Kisangani tusione haya kwamba swali hilo linatusumbua.

Kwetu swali lina uzito wake wa pekee. Wakati wa ukoloni, akina bibi zetu walipigwa picha vifua wazi, na picha hizo zikauzwa Ulaya kama kadi za posta. Katika vita vya Mashariki, miili ya mama na dada zetu imetendewa yasiyosemeka. Leo telefone inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji mchoraji: picha ya msichana iliyochukuliwa bila yeye kutaka, au ya mwili uliovuliwa nguo na kuumizwa, inapita kutoka mkono hadi mkono, hata katika makundi ya kwaya na ya maombi. Anayeituma anasema anaonya au anahabarisha, kama yale maneno ya Kilatini juu ya Venus. Tukumbuke Mwanzo 9. Hamu aliona uchi wa baba yake akaenda kusimulia. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika bila kumtazama.

Kwa kijana wetu mwenye kipaji, maisha ya Cranach yanatoa mwongozo ulio mzito kuliko ndiyo au hapana. Mwili ni kazi ya Mungu, na Biblia yenyewe haiogopi kuutaja. Lakini kabla ya kuchukua brashi, ajiulize mtu anayechorwa anapewa heshima au anauzwa, na atakayenunua anakwenda kuiweka wapi na kwa nini. Kama angeona haya kumchora dada yake hivyo, basi na huyu ni dada wa mtu.

Na sisi wengine tusiochora, tuanze na telefone zetu jioni hii. Picha ya kufutwa ifutwe. Aliyeaibishwa afunikwe. Maana siku moja kila mmoja atasimama mahali pa yule mzee wa Weimar, bila kitu cha kujifunika ila damu ya Kristo.

Bwana atusaidie.