Al-Jazari na Watumishi Wasio na Roho

Sisi wa masomo ya Kiislamu tukitaja wanazuoni wa kale hukimbilia wafasiri na mafakihi. Leo, ndugu zangu, namleta fundi.

Badi' al-Zaman al-Jazari alifanya kazi katika kasri la wafalme wa Artuqi mjini Amid, ambao leo ni Diyarbakir, Uturuki. Aliitumikia familia hiyo miaka 25: baba, kisha mwanawe mmoja, kisha mwingine, Nasir al-Din Mahmud. Huyu ndiye aliyemwamuru aandike kitabu, akakikamilisha mwaka 1206. Kina vyombo 50.

Mfalme huyo hakupenda mtumishi ammiminie maji ya udhu, akaagiza chombo cha kumfanyia kazi hiyo. Mimi chanipendeza zaidi kile cha tausi. Maji yanatoka mdomoni mwake. Yaliyokwisha kutumika yanashuka chini, boya linapanda, mlango unafunguka, sanamu ya mtumishi inatoka na sabuni. Maji yakizidi, boya la pili linapanda, na mwingine anatoka na taulo. Mpangilio wote umo ndani ya maji.

Mkono wa roboti kiwandani nao hausogei ovyo. Kila kiungo kina mota yake. Kompyuta inaigawa njia katika nukta nyingi, inakokotoa kila kiungo kigeuke nyuzi ngapi na kwa kasi gani, ili vyote vifike pamoja bila kugonga kitu. Lakini roboti iliyoanza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961 ilihifadhi hatua zake kwenye ngoma ya sumaku, na iliweza kufundishwa kazi nyingine. Mtumishi wa al-Jazari alijua taulo tu. Ndiyo maana sipendi mabango yetu yanayodai kwamba roboti ni zetu (najua nitawaudhi baadhi yenu).

Sifa yake iko kwingine. Aliona waliomtangulia wameeleza vyombo ambavyo hawakuvijaribu. Yeye akaunda na kujaribu, kisha akaandika vipimo na kuchora kila sehemu, ili fundi mwingine aweze kuunda bila yeye kuwepo. Mwaka 1976, miaka 770 baadaye, saa yake kubwa ya maji iliundwa upya mjini London kwa kufuata kitabu hicho, ikafanya kazi.