Lorado Taft, aliyesimamisha sanamu ya zege juu ya Mto Rock

Karibu na mji mdogo wa Oregon, makao makuu ya kaunti ya Ogle katika jimbo la Illinois nchini Marekani, sanamu ya mtu aliyejitanda blanketi imesimama juu ya jabali, mikono ameikunja kifuani, akilitazama bonde la Mto Rock. Ina urefu wa karibu mita 15, nayo si ya shaba wala marumaru, bali ni ya zege. Aliyeibuni ni Lorado Taft.

Taft alizaliwa Elmwood, Illinois, tarehe 29 Aprili 1860. Baba yake alikuwa mwalimu wa jiolojia katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Sanamu za plasta zilizoagizwa Ulaya kwa ajili ya chuo zilipowasili zikiwa vipande vipande, kijana huyo alishiriki kuziunga. Mwaka 1880 alikwenda Paris kusomea sanaa, na mwaka 1886 akahamia Chicago, alikofundisha kwa miaka mingi.

Katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893 alipewa kazi ya kulipamba jengo la kilimo cha bustani. Muda ulikuwa mfupi na wasaidizi wachache, naye akaomba ruhusa ya kuwaajiri wanafunzi wake wa kike. Inasimuliwa kwamba Daniel Burnham, msimamizi wa ujenzi, alimjibu kwa mzaha kuwa hata sungura weupe angewapokea, mradi kazi iishe. Jina hilo likawaganda. Baadhi ya Sungura Weupe hao, kama Janet Scudder, Enid Yandell na Bessie Potter, baadaye walikuwa wachongaji mashuhuri, wakati ambapo wanawake wengi wa Marekani hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Mwaka 1898, Taft na wenzake walianzisha kambi ya wasanii, Eagle's Nest, juu ya jabali lile la Oregon, kwa kodi ya dola 1 kwa mwaka. Hapo ndipo alipopata wazo la sanamu ya kuwakumbuka wenyeji wa asili. Kwa kuwa shaba ilikuwa ghali, alichagua zege. Kiunzi cha mbao na wavu wa waya kilivikwa magunia na plasta ili kupata umbo la kutengenezea kalibu, na zege likamiminwa katika baridi kali ya Desemba 1910. Sanamu ilizinduliwa tarehe 1 Julai 1911.

Taft hakukusudia kumchonga mtu mmoja, lakini watu wakaiita Black Hawk, kwa jina la kiongozi wa Wasauk. Historia ya jina hilo ni chungu. Mwaka 1832 Black Hawk aliwavusha watu wake Mto Mississippi ili warejee katika ardhi waliyonyang'anywa. Wakasakwa na wanajeshi pamoja na wanamgambo, na mamia wakauawa, wanawake na watoto wakiwamo, wengi wao kwenye mdomo wa Mto Bad Axe mwezi Agosti. Hata miaka 70 ilikuwa haijapita pale wasanii walipoanza kupumzika juu ya jabali lile kila kiangazi. Utulivu wa sanamu hausimulii lolote kati ya hayo. Unamwonyesha mwenyeji akitazama tu, kana kwamba aliondoka kwa hiari yake.

Katika kaunti hiyohiyo, mbele ya mahakama ya Oregon, Taft aliacha pia mnara wa askari wa mwaka 1916. Chicago ilipata Chemchemi ya Wakati mwaka 1922, nayo ya zege, yenye umati wa watu wakipita mbele ya Wakati aliyesimama kama mzee.

Alifariki Chicago tarehe 30 Oktoba 1936, akiwa na umri wa miaka 76. Zege lililopunguza gharama limewaachia warithi deni: maji hupenya kwenye nyufa, huganda wakati wa baridi na kulipasua. Sanamu ya Oregon ilibanduka vipande, ikafunikwa kwa miaka kadhaa, na ukarabati wake mkubwa ukakamilika mwaka 2020.