Oswald Avery: Daktari aliyetambua kitu ambacho bakteria huokota kwa wenzao waliokufa

Wasikilizaji wetu hutuuliza mara kwa mara: dawa iliyowaponya wazazi wetu inawezaje leo kushindwa na ugonjwa uleule? Sehemu ya jibu imo katika maisha ya daktari mmoja ambaye hakuwahi kutunukiwa Tuzo ya Nobel, ingawa kazi yake iliwafungulia njia wengi walioipata. Katika makala haya tunamtazama Oswald Avery.

Avery alizaliwa mwaka 1877 mjini Halifax, Kanada. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na mwaka 1887 familia ilihamia New York, Marekani, kuhudumu katika kanisa lililokuwa kwenye mtaa wa watu maskini. Huko kijana Avery alijifunza kupiga tarumbeta. Jumapili alisimama kwenye ngazi za kanisa na kuipiga ili wapita njia wavutike kuingia ibadani. Mwaka 1892 familia ilipata pigo mara mbili: kaka yake na baba yake walifariki.

Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1904. Alipoanza kutibu aliumizwa na jambo moja: wagonjwa wa mapafu walikuja, naye hakuwa na la maana la kuwapa. Akaacha kutibu, akaingia maabara. Mwaka 1913 alijiunga na hospitali ya Taasisi ya Rockefeller jijini New York, akabaki hapo miaka 35, karibu yote akimchunguza adui mmoja, bakteria wa nimonia aitwaye nimokokasi.

Mwaka 1923 yeye na mwenzake Michael Heidelberger walionyesha kwamba ganda linalomkinga bakteria huyo dhidi ya kinga ya mwili limetengenezwa kwa sukari. Chanjo ya nimonia wanayopewa watoto wetu kliniki leo hutumia sukari za ganda hilohilo.

Kisha, mwaka 1928, ikaja habari ya ajabu kutoka Uingereza. Mtafiti Frederick Griffith alikuwa na nimokokasi wa aina mbili, wenye ganda ambao huua panya, na wasio na ganda ambao hawadhuru. Aliwaua wenye ganda kwa joto, akawachanganya na hai wasio na ganda, akawadunga panya mchanganyiko huo. Panya walikufa, na ndani yao wakakutwa bakteria hai wenye ganda. Walio hai walikuwa wamechukua kitu kutoka kwa maiti wa wenzao.

Avery hakuamini mwanzoni. Lakini watu wa maabara yake mwenyewe walirudia jaribio, wakapata jibu lilelile, na baadaye wakaweza kulifanya ndani ya chupa bila panya. Swali likabaki moja: kitu hicho ni nini?

Alilifuatilia kwa miaka mingi, akiwa na Colin MacLeod na baadaye Maclyn McCarty. Walikuza bakteria kwa wingi, wakakamua kiini chao, wakakijaribu kwa vimeng'enya, yaani protini zinazovunja vitu vingine. Walipovunja protini, uwezo wa kubadilisha bakteria ulibaki. Walipovunja RNA, ulibaki. Walipovunja DNA, ulitoweka. Walichapisha matokeo Februari 1944, Avery akiwa na miaka 66.

Wengi walisita. Wakati huo iliaminika kwamba urithi hubebwa na protini, na DNA ilidhaniwa ni kitu sahili mno kwa kazi hiyo. Avery mwenyewe hakuwa mtu wa kujinadi. Alistaafu mwaka 1948, akahamia Nashville karibu na mdogo wake, akafariki huko mwaka 1955. Miaka miwili kabla, umbo la DNA lilikuwa limeshaelezwa, na mwaka 1962 kazi hiyo ikapewa Nobel.

Kuna jambo ambalo Avery hakuliona: bakteria anaikamataje DNA iliyo nje yake? Mwaka 2013 watafiti nchini Ufaransa walieleza kwamba nimokokasi huchomoza unywele mwembamba wa protini uitwao pilasi, na kwamba DNA hunata juu yake. Mwaka 2018, nchini Marekani, unywele wa aina hiyo ulionekana kwa bakteria wa kipindupindu ukinyooka, ukigusa DNA na kuivuta ndani. Wembamba wake ni zaidi ya mara 10,000 kuliko unywele wa binadamu.

Tuueleze kwa mfano wa jikoni. Pilasi hujengwa kwa vipande vingi vya protini iitwayo pilini, na kila kimoja kina umbo kama la upawa, mpini mrefu na kichwa kinene. Mipini hujipanga katikati kwa mzunguko kama kamba iliyosokotwa, vichwa vikabaki nje. Bakteria huurefusha unywele kwa kuongeza pilini chini, kwenye shina, na huurudisha kwa kuziondoa. DNA ikifika mwilini, uzi wake mmoja tu kati ya miwili ndio huingia.

Hapa ndipo swali la wasikilizaji wetu linapojibiwa. Nimokokasi wanaostahimili penisilini walipata sehemu ya uwezo huo kwa kuokota vipande vya DNA vya bakteria jamaa zao wanaoishi kooni mwetu. Zaidi ya hapo, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya antibiotiki humsukuma nimokokasi aanze kuokota DNA.

Kwa hiyo kila tunapomeza antibiotiki bila kuandikiwa, kwa mafua ambayo hata hazitibu, tunawaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi sugu, ambao nao wana DNA ya kuwarithisha jirani. Avery aliingia maabara kwa sababu hakuwa na dawa ya kuwapa wagonjwa wake. Sisi tunazo, na tukizitumia ovyo tutarudi pale alipoanzia.