Ampère: Mwanasayansi Aliyepiga Magoti

 

Niko likizo nyumbani, Mwaya, Kyela. Mvua za huku mnazijua, ikishuka kutoka milima ya Livingstone haimsikilizi mtu. Juzi ilinyesha, umeme ukakatika katikati ya tuisheni ninayowapa wadogo zangu wa kidato cha tatu. Mada ilikuwa sumaku-umeme. Basi tukachukua msumari, tukauzungushia waya wa shaba wenye ganda, tukaunganisha na betri za tochi. Msumari ukanasa pini za mama za kushonea. Walishangilia kama wameona muujiza!

Kijana mmoja hakushangilia. Mwaka jana alimzika baba yake, na tangu siku hiyo jumuiya haonekani. Akaniuliza, Frateri, hivi watu waliogundua haya mambo nao walikuwa wanasali kweli?

Nilikaa kimya kidogo. Kusema ukweli, hata mimi, nikiwa katikati ya masomo ya falsafa, kuna mwaka mzima rozari ilinishinda. Nilikuwa naishika tu mkononi. Kwa hiyo sikutaka kumpa jibu la haraka haraka. Nikamsimulia maisha ya André-Marie Ampère.

Huyu mnamfahamu hata kama hamjui. Angalia chaja ya simu yako: ile herufi A baada ya namba ni jina lake. Ampea ndiyo kipimo cha mkondo wa umeme.

Ampère alizaliwa tarehe 20 Januari 1775 mjini Lyon, Ufaransa, akakulia katika kijiji cha Poleymieux. Shule hakwenda. Baba yake, mfanyabiashara aliyependa vitabu, alimwachia maktaba ya nyumbani ajisomee. Mama yake alimlea katika imani yetu Katoliki. Mtoto alipenda hesabu mno, hata akajifunza Kilatini ili aweze kusoma vitabu vya Euler na Bernoulli.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa hakimu wa amani huko Lyon, na mji ule uliasi dhidi ya serikali ya Paris. Uasi uliposhindwa, Novemba 1793, mzee alikatwa kichwa. André-Marie alikuwa na miaka 18. Kijana yule aliyekuwa akimeza vitabu akazima kabisa. Karibu mwaka mzima hakushika hesabu. Alichomrudisha kilikuwa kitu kidogo tu: mimea. Alianza kutembea mashambani akichunguza majani na maua, na polepole akili ikaamka.

Mwaka 1799 alimwoa Julie, msichana aliyempenda sana, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume. Lakini Julie akaanza kuugua. Ampère akapata kazi ya ualimu Bourg, mbali na mkewe mgonjwa, kama baba zetu wengi wanaofuata riziki mbali na nyumbani. Julai 1803 Julie akafariki. Akahamia Paris, akaoa tena mwaka 1806, na ndoa hiyo nayo ikavunjika.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika miaka hiyo imani yake iliyumba. Mashaka yalimuuma, tena si kidogo. Karibu na mwaka 1817 ndipo alirudi kwa moyo wote kwenye sala na sakramenti. Yaani alirudi akiwa mtu mzima, mwenye makovu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1820, habari zikafika Paris kutoka Denmark. Ørsted alikuwa ameona kwamba sindano ya dira inageuka ikiwa karibu na waya unaopitisha umeme. Kumbe umeme na sumaku ni ndugu! Arago alilionyesha jaribio hilo mbele ya Chuo cha Sayansi tarehe 11 Septemba. Wiki moja tu baadaye, tarehe 18, Ampère akaanza kuwasilisha kazi yake mwenyewe. Alionyesha kwamba waya mbili zilizo sambamba, mikondo yake ikielekea upande mmoja, zinavutana. Ikielekea pande tofauti, zinasukumana. (Wa kidato cha tatu, msichanganye na ncha za sumaku: kule zinazofanana ndizo zinazosukumana.)

Hakuishia hapo. Alisema sumaku yenyewe ni sumaku kwa sababu ndani yake kuna mikondo midogo midogo ya umeme. Elektroni ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja kujulikana mwaka 1897, lakini mzee alikuwa amekaribia sana. Mwaka 1826 akachapisha kitabu chenye kanuni za hesabu za nguvu hizo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Mwaka 1831 kijana wa miaka 18 kutoka Lyon, Frédéric Ozanam, alifika Paris kusoma sheria. Mji ulimlemea, na wasomi wengi waliicheka dini. Ampère alimpa chumba nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba siku moja Ozanam, moyo ukiwa mzito, aliingia kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, akamwona mzee amepiga magoti pembeni na rozari mkononi. Alikuwa Ampère. Mwaka 1833 Ozanam na wenzake walianzisha kile tunachokiita leo Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, linalohudumia maskini duniani kote. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 22 Agosti 1997, hukohuko Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani.

Ampère alifariki tarehe 10 Juni 1836 mjini Marseille, akiwa safarini kukagua shule. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme ukakipa kipimo jina lake.

Yule kijana wetu sikumwambia kwamba Mungu alimchukua baba yake kwa sababu fulani. Sijui, na kujifanya najua ni kumdanganya. Nilimwambia tu kwamba Ampère alimpoteza baba akiwa na miaka 18, akanyamaza, akashuku, akarudi. Na rozari aliyosali pembeni bila kujua anaonwa, ilimshika mkono kijana mwingine.

Jumapili alikuja kigangoni, akakaa benchi la nyuma kabisa. Nikaenda kukaa naye. Hatukuongea. Waya mbili, upande mmoja.

Ewe kijana, kwenu nani amehamia benchi la nyuma? Au ameshatoka nje kabisa? Wiki hii mtafute.

Tusali: Ee Bwana, utupokee na mashaka yetu, na utufanye tegemeo la wenzetu hata pale tusipojua. Amina.

 Tuombeane!