Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Yatima Aliyewalea Wengi

Tumeona yatupasa kuwakumbusha ndugu zetu wa Thika na Ruiru habari za marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Wengi wetu twalisikia jina lake likitajwa kwa heshima, lakini si wengi tujuao alivyoishi. Na mtu mwema hakumbukwi kwa kutajwa jina tu, bali kwa kufuatwa mwendo wake.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa, na katika zama za Seyyid Barghash alifungwa kwa ajili ya mambo ya dini. Mzee huyo alifariki mwaka 1894, na mwanawe hajatimiza miaka minne. Lakini jamaa hawakumwacha mtoto. Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa ukoo huo huo, alimchukua, akamlea na kumsomesha. Kisha akapata elimu Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, taa mbili za zama zile. Twataka msomaji aliangalie sana jambo hili: mtu ambaye Afrika Mashariki yote ilikuja kufaidika naye alikuwa yatima aliyepata wa kumshika mkono.

Wema aliotendewa hakuukalia. Siku hizo elimu ya dini ilikuwa ndani ya vitabu vya Kiarabu, na asiyeijua lugha hiyo alibaki mlangoni. Sheikh akaona kuwa elimu isiyofahamika na watu ni kama chakula kilichofungiwa kabatini na wenye nyumba wana njaa. Basi mwaka 1930 akatoa Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliyasoma maandishi ya wanamatengenezo wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Rida, lakini aliwasemesha watu wake juu ya mambo yao wenyewe: watoto wasiosomeshwa, uvivu, madeni, israfu, na kuwaiga wageni katika upuuzi huku tukiyaacha yaliyowapa nguvu, nayo ni elimu na kazi. Makala zake za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Watoto nao hakuwasahau, kwani aliwaandikia vitabu vya kuanzia masomo ya dini.

Mwaka 1932 alifanywa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wako watu ambao cheo kwao ni mto wa kulalia. Yeye aliendelea kusomesha na kuandika, na akaanza kuifasiri Qurani kwa Kiswahili. Hapana shaka kuwa huo ndio ukarimu mkubwa, maana atoaye fedha hubakiwa na pungufu, na atoaye elimu hubakiwa nayo yote, ila hutoa umri wake.

Nyumbani pia alikuwa baba mwenye azma. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alimtakia masomo ya Al-Azhar huko Misri. Mauti yalimfika Sheikh mwaka 1947, tafsiri haijaisha na mtoto huyo ana miaka 14. Yatima wa jana akaacha yatima. Lakini aliyoyapanda hayakufa. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeifuata njia hiyo hiyo, alitoa tafsiri kamili ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Na mtoto Ali, ingawa hakwenda Al-Azhar, alikuwa Profesa Ali Mazrui aliyesikilizwa ulimwenguni mpaka alipofariki mwaka 2014.

Sasa tujitazame sisi. Miji yetu ya kahawa, mananasi na viwanda imejaa watu waliokuja kutafuta riziki mbali na jamaa zao. Akifa baba wa nyumba hapa, hakuna ami wa jirani wala mjomba wa mtaa wa pili. Sisi ndio jamaa. Nasi twafanyaje? Twakusanyika, twasoma, twapikiwa wali kwa fedha alizoacha maiti, kisha kila mtu huenda zake, na muhula ukifunguliwa mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mali hiyo, baada ya mazishi, madeni na wasia, ni haki ya warithi. Mkubwa akitaka kutoa, na atoe katika fungu lake. Fungu la yatima si la wageni, hata kama wageni hao wamevaa kanzu nyeupe.

Twashauri basi kila msikiti wetu uwajue yatima wake kwa majina, na kila mwenye mshahara atenge kidogo kila mwezi kwa masomo yao, ya dini na ya dunia. Pengine katika watoto hao wa Majengo na wa mashamba ya kahawa yumo Al-Amin mwingine, angojea Sheikh Suleiman wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, awarehemu waliomlea, na atujaalie tuwe walezi. Amin.