Profesa Broglio na Roketi za Malindi

Mimi ni wa kidato cha pili, na muhula uliopita nilikuwa nimeshaamua kuacha fizikia. Nilidhani mambo ya anga ni ya Wazungu huko kwao. Sisi wa Machakos yatatufaa nini? Kisha nikasoma habari za Luigi Broglio. Kumbe nilikuwa nimepotoka!

Broglio alizaliwa Mestre, Italia, mwaka wa 1911. Alisomea uhandisi, akawa jenerali wa jeshi la anga na profesa wa chuo kikuu mjini Roma. Desemba 1964 yeye na vijana wake walirusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Marekani. Lakini mzee huyu hakutosheka. Alitaka kurushia karibu na ikweta, kwa maana hapo ardhi huzunguka kwa kasi kuliko kwingineko, na roketi ikielekea mashariki hupata msukumo wa bure. Basi akachagua bahari yetu, karibu na Malindi. Majukwaa ya chuma yakasimamishwa majini, na kutoka 1967 hadi 1988 setilaiti 9 zikapaa kutoka hapo. Si mchezo!

Iliyovuma zaidi ilikuwa ya Wamarekani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, miaka 7 kamili tangu Kenya ijitawale, ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi ya kuchunguza eksrei za angani pekee. Hewa huzizuia eksrei hizo, hivyo ukiwa hapa chini huzipati hata ufanyeje. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339.

Broglio alifariki Januari 2001, na kituo cha Malindi kikapewa jina lake. Kazi haikufa naye. Darubini ya eksrei ya NuSTAR, iliyorushwa mwaka wa 2012, imekuwa ikituma habari zake kupitia Malindi. Wanasayansi waliielekeza kwenye nyota nyekundu Betelgeuse wakitafuta aksioni. Hizi ni chembe ambazo hakuna aliyewahi kuziona, na huenda ndizo zile zinazoupa ulimwengu uzito wake usioonekana. Kama zipo na hutoka ndani ya nyota, nguvu za sumaku angani zingegeuza baadhi yake kuwa eksrei. Mwaka wa 2021 wakatangaza kwamba hawakuona dalili yoyote. Hapo ndipo niliposhtuka: swali bado liko wazi, na jibu hana mtu, awe wa Roma au wa Marekani.

Ni kweli, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye sharti ainuke. Setilaiti yetu Taifa-1 ilipaa mwaka wa 2023 kutoka Marekani, ilhali jukwaa la Malindi halijarusha setilaiti tangu 1988. Mimi naona aibu kidogo, na hamu pia. Fizikia siachi ng'o. Nani tutakwenda naye?